Nyumba ya Paka Yenye Milango Miwili

Kibondo, 7 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi ya baridi kabla mwanangu Niyonzima hajaamka, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue na mimi nakimbia. Sisi hatujambo. Mjukuu wako sasa anatembea kwa kushika ukuta, na akianguka hutazama kwanza kama kuna anayemwona, ndipo alie. Goti lako linaendeleaje? Mbuzi je? Kaka Pasikali msalimie, ila barua hii usimpe. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Simu yako anakaa nayo yeye, na nikituma ujumbe anausoma kwa sauti mpaka nyumba ya tatu wanasikia. Barua zangu atakuletea Mwajabu, yule muuza vitenge anayepita hapo Makere akienda soko la Kasulu.

Mama, nina habari, kaa chini kwanza. Nimeanza kazi ya kuzalisha paka.

Najua umecheka. Cheka, halafu endelea kusoma. Unamkumbuka Gahogo, yule paka niliyeondoka naye kwako ndani ya tenga, tuliyempa jina la ng'ombe wa marehemu baba kwa wekundu wake? Mwaka jana alizaa, na watu walinigombania wale watoto kama wanagombania mbegu. Saidi, mwenye ghala la mahindi pale sokoni, alichukua wawili na anaapa magunia yake hayatobolewi tena. Wakulima wa Kitahana wamekuja na maharage wakitaka kubadilishana. Hata mama mmoja wa kambi ya Nyarugusu alituma mtu kuuliza. Wote wanataka kitu kimoja: mtoto wa paka ambaye mama yake anaijua kazi ya panya.

Nikajiuliza. Mume wangu Evaristi yuko Urambo kwenye mashamba ya tumbaku mpaka mwakani. Mimi kufua nguo za watu huku mtoto yuko mgongoni kumeniua kiuno. Kwa nini nisiifanye hii iwe kazi yenyewe? Nimeongeza majike mawili, na dume nimelitafuta mbali, lisilo na undugu na Gahogo, maana hata paka wana ukoo. Watoto wa mtaa wamelipa jina la Diwani kwa sababu linatembea kana kwamba kata nzima ni yake. Bwana mifugo amewachanja wote kichaa cha mbwa. Fundi Ndihokubwayo amenijengea banda uani, refu, lenye vichanja, kama banda zuri la mbuzi. Humo watakaa wakubwa. Stoo ya ndani nimeitoa vitu vyote iwe chumba cha majike wanaozaa.

Siku naondoka ulitaka nikuahidi kitu, sikuahidi. Leo naahidi. Hii ikinishinda, nitafunga virago nirudi Makere na mtoto, nilime na wewe, na sitasema neno. Ila nikiiweza, usiniite tena kurudi.

Mwanao,
Irakoze


Makere, 20 Julai 2024

Mwanangu Irakoze,

Amahoro. Marahaba. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Mbuzi wazima. Pasikali kaniuliza nacheka nini peke yangu, nikamwambia nimekumbuka mambo ya zamani.

Paka kujengewa nyumba sijapata kuona. Nyumba ya paka ni jikoni penye majivu ya moto. Sisi tulipovuka kutoka Burundi tulilala chini ya turubai, mvua yote ile, na wewe leo unampa akayabu chumba chake. Hata kumwita paka kwa lugha yetu naona aibu nikifikiria ana chumba.

Na mtoto? Paka hupanda juu ya kifua cha mtoto akamnyima pumzi. Wewe ukiwa unafagia mavi ya paka nani atamwangalia mjukuu wangu? Umekonda, Mwajabu ameniambia. Hakutaka kusema, nilimbana.

Kitanda chako kipo pale pale. Cha mtoto nitachongesha. Umesema ukishindwa utarudi. Neno hilo nimelipokea, nimelifunga kwenye pindo la kitenge changu. Nangoja.

Mama yako


Kibondo, 1 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kiangazi hiki. Mjukuu wako mzima, anakula kama mtu anayelipwa. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu sikuwa na la kujisifia.

Banda limenishinda, au niseme mimi na Fundi Ndihokubwayo tumelishinda kwa ujinga. Aliacha uwazi mpana chini ya paa ili hewa ipite, kama tunavyofanya huku kwetu wote. Na mimi nikasimama pale nikamsifu. Kila banda la huku linajengwa kwa kumfikiria mnyama anayetoka mlangoni. Mbuzi hutoka mlangoni, kuku hutoka mlangoni. Paka anaangalia juu. Usiku wa kwanza tu walitoka wote. Fundi alikuja akasimama akijikuna kichwa, akasema, "Mama Niyonzima, huyo si mnyama wa kufugwa, huyo ni mwizi."

Tulipoziba sehemu moja wakatoka nyingine. Mwisho Diwani aliingia kwa jirani yangu Mwanahawa. Mwanahawa mwenyewe alikuja asubuhi na manyoya kwenye sahani.

"Mama Niyonzima, njoo uone Diwani wako alivyofanya mkutano bandani kwangu."

"Amekula wangapi, dada?"

"Leo vifaranga wawili. Lakini wiki hizi napoteza kila siku, nilikuwa namlaani mwewe. Mwewe wa watu sasa nimuombe radhi."

Niliinamisha kichwa. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Sylvesta, mwenyekiti wetu wa mtaa. Jioni Mzee Sylvesta akaja na fimbo yake, hakukalia hata kiti nilichompa. Alisema, "Binti, sikufukuzi. Lakini mvua ya kwanza ikigusa ardhi, nitakuja. Kila paka wako awe ndani ya kitu kinachofungwa. Nikimkuta hata mmoja nje, kazi hii imekwisha katika mtaa wangu."

Kila paka, mama. Na hapo ndipo shida yenyewe. Gahogo amezaa wiki iliyopita, watoto wanne wazuri, kwenye sanduku pale stoo. Unajua desturi yetu, pakizaliwa watu huja kuona. Basi wakaja, na watoto wao, wakachungulia, wakashika, wakanyanyua. Mmoja alileta dagaa za kumpongeza mzazi. Mimi nilisimama pale nafurahi kama bibi. Kesho yake sanduku tupu. Amewabeba mmoja mmoja amewaficha nisikokujua. Jioni anakuja kula, ananitazama kama mtu niliyemkosea, kisha anaruka ukuta anapotea. Siwezi kumfuata. Siruki kuta tena, mama, maana tumbo langu si tupu. Evaristi anajua, na sasa unajua wewe.

Nimechoka kiasi kwamba jana nilisinzia nikiwa nasonga ugali. Lakini kitanda usikitandike bado.

Mwanao,
Irakoze


Kibondo, 10 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze vipi. Mwajabu ameshuka kwenye gari na furushi la waya lililofungwa kwa gunia, akanung'unika kwamba limemtoboa kitenge kimoja cha mauzo. Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema, "Hajanipa barua. Amenipa hili, akageuka akaenda kwa mbuzi wake."

Nimelifungua peke yangu. Ni waya wa vichanja vya baba vya kuanikia kahawa. Nimeujua kwa vifundo vyake, maana hakuna mwingine aliyekuwa anafunga waya kwa kuuzungusha kushoto. Kuna mahali kahawa kavu bado imeng'ang'ania. Niliinusa mama, nikakaa chini.

Sasa nikueleze nimefanya nini nao, maana unastahili kujua ulikokwenda.

Safari hii sikumwachia fundi. Nilikaa na Niyonzima uani kutwa nzima nikiwatazama paka wanataka nini, kisha nikamwambia Ndihokubwayo ajenge hivyo. Nguzo ni za miti ya mlingoti. Waya umezunguka pande zote, na juu pia, juu kote, nusu ikiwa na bati la zamani ili wapate kivuli na pa kukimbilia mvua. Chini tumeuzika ardhini na mawe juu yake, mbwa wasichimbe. Upande wa upepo nimetundika mkeka. Mlango unatazama jua linakochomoza, maana unajua baridi ya asubuhi za huku. Ndani hakuna vichanja vya mbuzi tena. Kuna gogo lenye magome la kukwaruza kucha, na mbao fupi fupi zimepigiliwa juu karibu na paa. Paka akikaa juu anajiona mwenye nyumba na hatafuti kutoka. Pembe moja ina mchanga uliochanganywa na majivu, mbali kabisa na chakula, na nabadilisha kila siku.

Na milango ni miwili. Hiyo nimeifikiria mwenyewe. Unaingia wa kwanza, unasimama kwenye kijichumba cha kutosha mtu mmoja na ndoo, unaufunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Diwani anakaa nyuma ya mlango wa pili akingoja nikosee. Ninaingia na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, na sijakosea.

Fundi aliuliza, "Kwani hii ni benki?" Nikamwambia ndiyo.

Wakubwa wote wamo na wametulia. Kasoro Gahogo. Bado anakuja, anakula, anapotea. Nikimfungia hapa watoto wake watakufa huko waliko. Nisipomfungia, mwenyekiti atamkuta nje. Mawingu yameanza kukaa upande wa Burundi.

Asante sitaandika, ni ndogo.

Mwanao,
Irakoze


Makere, 15 Septemba 2024

Mwanangu,

Amahoro. Marahaba. Waya ulikuwa unalala bure, na panya walikuwa wamefanya kiota humo. Usione ni kitu kikubwa.

Umefanya kosa la mtu aliyesahau kwao. Ulimzalisha Gahogo sokoni. Mzazi anakaa kiriri. Umekulia kwenye neno hilo. Mwanamke akijifungua anapewa pembe ya nyumba, yenye giza kidogo, pazia limeshushwa, joto karibu, na mtu mmoja tu anaingia na uji. Wengine wote wanangoja nje mpaka siku mtoto anapotolewa kuonyeshwa. Mzazi asiye na kiriri anaondoka, kama si kwa miguu basi kwa moyo.

Usimtafute. Usimfuate. Mfanyie kiriri huko stoo, weka chakula humo humo, toka. Sanduku liwe na mdomo mdogo, ligeukie ukuta. Dirisha liwe na waya uliobaki. Mwachie tundu chini ya mlango apite mwenyewe, ulizibe akishaingia na wote. Ataona. Mama anajua pa kulaza mtoto akionyeshwa.

Kula maini. Na usibebe ndoo iliyojaa.

Mama yako


Kibondo, 22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Niyonzima ameacha ukuta, anatembea peke yake. Nimeanza na hilo ili ufurahi kwanza.

Kiriri cha Gahogo kipo. Nimechukua sanduku la mbao, nimelifunika, nimeacha mdomo unaomtosha yeye tu, na umegeukia ukuta. Ndani nimetandika kile kitenge chako cha zamani, chenye harufu yetu. Nimeshusha pazia. Waya uko dirishani, tundu liko chini ya mlango na kibao chake cha kuzibia. Majirani nimewaambia hakuna kuona, hata kwa dagaa. Wamenuna, na wanune. Jioni Gahogo anaingia, anakula, anazunguka sanduku, anatoka. Hajakubali, hajakataa.

Neno kiriri nimelisoma kwenye barua yako mara nyingi. Niyonzima alipozaliwa nilitoka hospitali nikafika hapa, na siku ile ile nikachota maji. Najua ulikuwa na hasira kwamba niliondoka na Evaristi bila kuaga ukoo. Hasira ile ilikuwa haki yako, sikuombi uirudishe. Nataka tu ujue kwamba kila gari la Kasulu likipita nilikuwa natazama mlango.

Basi. Nimeshasema na sitarudia. Paka wangu hatanyimwa nilichonyimwa mimi.

Mwanao,
Irakoze


Kibondo, 13 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu, na Mwajabu anasema ulipokea ukaweka kifuani. Kama nimekukwaza, nimekukwaza kwa ukweli, na bado nakupenda vile vile. Lakini hili lazima nikuandikie hata ukinuna.

Mvua imefika, na mwenyekiti alifika nayo.

Alikuja mchana wingu limeshafunga, watu nyuma yake kama wanaokwenda kuona ajali. Mwanahawa alikuwepo, amesimama kwenye uzio wake, mikono kiunoni. Mzee Sylvesta alizunguka banda akilipiga kwa fimbo, akainama kwenye mawe, akaangalia juu. Kisha akaingia mlango wa kwanza na kushika komeo la wa pili.

Nikamwambia, "Mzee, funga kwanza huo wa nyuma yako."

"Hata kwa mkuu wa wilaya siambiwi hivyo."

"Kwa Diwani unaambiwa."

Watu wakacheka, naye akacheka, akafunga. Alikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alipotoka, Diwani alikuwa amemsuguasugua suruali yote imejaa manyoya. Nikadhani nimepona. Akapanguza suruali, akauliza, "Na yule mwekundu?"

Tone la kwanza likapiga bati, mama, kila mtu akalisikia. Na hapo hapo Gahogo akatokea juu ya ukuta wa Mwanahawa, amening'iniza mtoto mdomoni.

Hakumtazama mtu. Alishuka, akapita katikati ya miguu ya mwenyekiti, akaingia tundu la stoo. Akatoka mdomo mtupu. Akarudi ukutani. Mvua ikaanza kushuka kweli, na hakuna aliyekimbia. Tulisimama tunalowana, wakubwa na watoto, tukimtazama mzazi anahamisha nyumba. Wa pili. Wa tatu. Wa mwisho alikuwa mzito, alimburuza kidogo kwenye tope, akatulia, akamkamata upya. Alipoingia na huyo nikapiga magoti na tumbo langu hili, nikaziba tundu kwa kibao.

Mzee Sylvesta akasema taratibu, "Binti, mvua imegusa ardhi, na paka alikuwa nje."

Nikaona Makere mama. Nikaona kitanda changu kimetandikwa.

Ndipo Mwanahawa akasema toka uzioni, "Mwenyekiti, alikuwa kwangu. Kwangu si nje."

"Kwako wapi?"

"Kwenye kuni zangu, jikoni, tangu wakiwa hawajafumbua macho. Nilikuwa nampa maziwa."

Nikamwuliza, "Dada, ulijua siku zote hizi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungewachukua. Tangu amehamia kwangu, wallahi sijapoteza kifaranga hata mmoja, na kila asubuhi naamkia panya buku kalazwa mlangoni. Mkubwa, ana mkia kama kamba ya ndoo. Diwani wako alikula wawili, hao namdai mpaka kesho kiyama. Wale wengine wote waliliwa na panya. Ila leo jiko langu limevuja, na mwenyewe ameona kuna pazuri zaidi." Akageukia mwenyekiti. "Nimemaliza. Na yule mwenye doa puani ni wangu, asije mtu akasema hakusikia."

Mzee Sylvesta aliangalia fimbo yake. Akasema banda limepita, stoo imepita, na kwamba ofisi yake pia ina panya wanaokula mafaili. Nikamwambia apange foleni nyuma ya Saidi.

Hivyo mama, nimeiweza. Jike la pili nalo limeshachagua sanduku lake, pazia limeshuka, haingii mtu. Saidi anataka wengine kwa ghala lake jingine la Kasulu, na watu wa Kitahana wameshaleta maharage kabla paka hawajazaliwa. Mimi na Niyonzima tunalala usiku kucha, na milango yangu imefungwa. Usiniite tena kurudi.

Mwanao anayekukumbuka,
Irakoze


Makere, 19 Januari 2025

Mwanangu,

Amahoro kwako, kwa mtoto, na kwa aliye tumboni. Goti ni zima, nimelikemea.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono haukujua pa kuanzia, nikaenda kulima. Sasa mahindi nimepalilia. Mbuzi nimemkabidhi Pasikali, na simu nimemwachia, asome jumbe zote anazotaka.

Lile neno lako nililolifunga kwenye pindo la kitenge nimelifungua. Ulisema ukishindwa utarudi. Hujashindwa. Basi nitakuja mimi.

Nakuja na unga wa ulezi na kitambaa cha pazia. Tafuta pembe ya chumba isiyopitwa na upepo, usibebe kitu, nitapanga mwenyewe. Ndoo za paka nitabeba mimi, nionyeshe tu huo mlango unaofungwa kwanza. Wageni wakija kukuona watanikuta kizingitini. Mwanahawa nitamruhusu, tena akae. Paka wasipande kitandani kwangu. Kuhusu Gahogo nitafikiri.

Usinijibu, barua itanikuta njiani. Usije stendi, mwenye mimba ya miezi minane hapokei mizigo ya watu. Kaa ndani utazame mlango. Nikishaingia nitaufunga nyuma yangu.

Mama yako